Vikanyagio vya umeme, vya kawaida au ngao za ubavu: kipi kitadumu kwenye pikapu ya kazi ngumu?

Anayetafuta vikanyagio vya umeme kwa ajili ya pikapu yake, yaani ubao wa kupandia unaojishusha wenyewe mlango ukifunguliwa, huanza kwa kuuliza vinabeba kilo ngapi. Swali ni la haki, ila jibu lake halimsaidii kuchagua. PowerStep ya AMP Research, mojawapo ya majina yaliyozoeleka zaidi kwenye biashara hii, imepimwa kubeba paundi 600, yaani takriban kilo 272. Mtu mnene akipanda na mfuko wa saruji begani bado hafiki huko.

Si uzito unaoviua. Vinafia kwenye pini zinazoshikilia bawaba, na kwenye soketi za waya zinazopeleka umeme kwenye mota. Kwa hiyo ulinganisho huu hautapoteza muda kwenye taa za LED wala uzuri wa ubao. Unauliza jambo moja: mazingira yako yanashambulia sehemu gani, na kati ya aina tatu zilizopo ni ipi isiyo na udhaifu hapo.

Aina tatu

Ya kwanza ni ya umeme. Mlango ukifunguliwa, ishara inatoka kwenye swichi ya mlango au kwenye kompyuta ya gari na kufika kwenye kisanduku cha kudhibiti. Kisanduku kinawasha mota ya volti 12, mota inazungusha gia, gia inasukuma mkono wa bawaba, na ubao wa alumini unashuka kutoka chini ya kizingiti. Mlango ukifungwa, baada ya muda mfupi ubao unarudi mafichoni. Kwenye mifumo mingi mota inasukuma bawaba moja tu. Ile nyingine inafuata kwa kuburutwa na ubao. Shika jambo hilo, tutalirudia.

Kisanduku hicho pia hupima kiasi cha umeme ambacho mota inavuta. Kiasi hicho kikipanda ghafla, kisanduku kinahesabu kwamba kuna kitu kimezuia njia, pengine mguu wa mtu, na kinasimamisha kila kitu. Ulinzi mzuri. Tatizo ni kwamba hakiwezi kutofautisha mguu na bonge la udongo mkavu.

Ya pili ni vikanyagio tuli, wengine wanaviita saidi stepu: ubao mpana au bomba lililofungwa kwa mabano kwenye bodi au kwenye chesisi, likakaa hapo siku zote. Ya tatu ni ngao za ubavu, yaani bomba nene la chuma, la mviringo au la mraba, lililochomelewa au kufungwa kwa bolti kwenye chesisi ili gari likiegemea jabali liteleze badala ya kukunja kizingiti. Nyingi unaweza kuzikanyaga pia, ingawa ni nyembamba na ziko juu, kwa hiyo mfupi wa miguu hatazishukuru.

Matope

Hapa watu wengi wanadhani cha umeme kinapoteza mapema. Si hivyo hasa.

Kikanyagio tuli kipana ni bakuli la matope. Tairi la mbele linarusha, ubao unapokea, na mabano yaliyo chini yanabaki na unyevu kwa siku nyingi baada ya barabara kukauka. Faida yake ni kwamba matope na kokoto zinazotua juu yake hazikufika kwenye rangi ya mlango. Hilo wauzaji wa vikanyagio vya umeme hawalitaji: ubao ukiwa umefichwa, ubavu wa gari uko wazi, na usipofunga vizuia matope vipana nyuma ya matairi ya mbele utaona rangi ya chini ya milango ikidonolewa.

Cha umeme kinapokunjwa, bawaba ya mbele inakaa karibu na njia ya matope yanayorushwa na tairi. Yakiwa mabichi hayana neno. Bawaba inayasukuma pembeni. Yakiwa ya mfinyanzi na yakaachwa yakauke, asubuhi mota inasukuma, umeme unapanda, kisanduku kinadhani ni mguu, ubao unasimama nusu njia. Wengi hupeleka gari kwa fundi wakisema mota imekufa, kumbe mota ni nzima na kinachohitajika ni maji.

Madhara ya polepole ni ya mchanga ulio ndani ya matope. Unaingia kati ya pini na bushi, yaani kijibomba kinachoizunguka pini, na kusaga. Baada ya muda ubao unapata uchezi, unatikisika ukiukanyaga na kugongagonga barabarani. Bushi za plastiki ngumu zina nafuu kwa sababu zinafanya kazi bila grisi, na grisi kwenye sehemu iliyo wazi hugeuka kuwa gundi ya mchanga.

Kwenye matope, basi, anayeosha gari lingali bichi anaweza kuwa na cha umeme na kikadumu. Asiyeosha hadi mwisho wa wiki achukue bomba jembamba lenye vikanyagio vidogo mbele ya kila mlango. Lina mahali pachache pa kushikilia tope.

Chumvi na barafu

Hili ndilo eneo ambalo vikanyagio vya umeme vinahukumiwa kweli, na sitalipita haraka: nchi za baridi ambako barabara hunyunyiziwa chumvi ili kuyeyusha barafu.

Mkono wa bawaba kwa kawaida ni wa alumini. Pini na bolti ni za chuma, mara nyingi chuma cha pua. Metali mbili tofauti zikigusana zikiwa zimelowa maji ya chumvi, zinafanya kazi kama betri ndogo, na inayoliwa ni alumini. Unga mweupe unaotokea unachukua nafasi kubwa kuliko alumini iliyoliwa, kwa hiyo unaibana pini kutoka pande zote mpaka inashindwa kuzunguka. Mota bado ina nguvu, lakini mahali pa kuzungukia pamekamatika. Kitakachofuata ni ama kisanduku kukata kila mara, au meno ya gia kulika, au mkono kupata ufa.

Haitokei usiku mmoja. Kwanza unasikia mlio, kisha ubao unakuwa mzito asubuhi na mwepesi mchana, halafu inakuja dalili ambayo haidanganyi: ncha moja ya ubao inatangulia na nyingine inachelewa. Hapo ndipo habari ya bawaba moja kuburutwa inapojitokeza. Upande wenye mota unasukumwa kwa nguvu. Upande usio na mota umeanza kukamatika, na ubao wenyewe unajipinda katikati. Ukiona hivyo na bado unaendelea kuutumia kila siku, unaiua mota ambayo haikuwa na kosa.

Aina ya chumvi nayo ina maana. Chumvi ya kawaida hupungua nguvu ya kuyeyusha barafu muda mrefu kabla ya kufika nyuzi 21 chini ya sifuri, ambapo inashindwa kabisa. Ndiyo maana kwenye baridi kali barabara hunyunyiziwa kloridi ya magnesiamu au ya kalsiamu. Hizi hunyonya unyevu kutoka hewani, kwa hiyo barabara ikionekana kavu, chini ya gari lako bado kumelowa. Na ukiliweka gari lenye chumvi kwenye gereji yenye joto, kutu inakwenda kasi kuliko kama ungeliacha nje kwenye baridi. Gari la aina hiyo lioshwe chini kabla ya kuingizwa ndani.

Barafu yenyewe ni mateso ya namna nyingine. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Theluji iliyoyeyuka nusu inajaa kati ya ubao uliokunjwa na bodi, inaganda usiku, na asubuhi ubao umeshikwa. Ford, inayotoa vikanyagio vya umeme kwenye pikapu zake za F-150 za daraja la juu, inaandika waziwazi kwenye kitabu cha mwongozo kwamba barafu nyingi inaweza kuzuia ubao kushuka, na inamtaka dereva ahakikishe umeshuka na kutulia kabla ya kuukanyaga. Onyo hilo si la kupamba ukurasa. Mguu uliozoea kukuta ubao kila siku haungoji kuambiwa kwamba leo haupo.

Dawa ya maji ya moto isahau. Yanaingia ndani ya bawaba na kuganda upya. Bora uzime mfumo kwenye menyu ya gari au kwa swichi yake kabla ya usiku wa theluji nzito, uvumilie kuruka siku mbili tatu.

Vikanyagio tuli na chumvi je? Vya alumini vyenye mabano ya chuma vinaliwa kwa kanuni ile ile kwenye bolti, ila hakuna kinachotakiwa kuzunguka, kwa hiyo hutagundua mpaka siku ya kuvifungua, na siku hiyo utahitaji grinda. Bomba la chuma lina ujanja mbaya zaidi: kofia za plastiki za mwishoni huingiza maji, na kutu inakula kutoka ndani huku nje kukiwa kunang'aa. Tafuta tundu la kutolea maji upande wa chini kabla ya kununua. Lisipokuwepo, ujue maji yakiingia hayatoki. Rangi ya unga ikidonolewa na kokoto, kutu inatambaa chini yake na kuibandua vipande vipande.

Ngao za ubavu zinashika kutu pia, lakini chuma chake ni kinene. Unapiga msasa, unapaka rangi, maisha yanaendelea. Kwa anayeishi na chumvi miezi mingi ya mwaka na hana mahali pa kuoshea gari chini, ningechagua tuli cha alumini kabla ya cha umeme, hata kama angepewa cha umeme kwa bei ile ile.

Vumbi na barabara ya mawimbi

Vumbi kavu ni adui mdogo kuliko linavyoonekana. Linaingia kwenye bawaba na kutoka, hasa kama hakuna mafuta ya kulishika. Kinachoumiza ni mtikisiko wa barabara ya mawimbi, na huo hauchagui: bolti zinalegea kwenye aina zote, mabano marefu ya vikanyagio tuli yanapata nyufa, na kwenye vya umeme waya unajisugua kwenye ukingo wa chesisi hadi ngozi yake inaisha. Kaza bolti zote baada ya kilomita mia chache za kwanza, na hakikisha fundi amefunga waya kwenye mpira au bomba la plastiki, mbali na bomba la moshi.

Mawe, visiki na kukwama

Kwenye mawe cha umeme kina ushindi ambao vikanyagio tuli haviwezi kuufikia: kikijikunja, kinapanda juu na kuingia ndani, gari linabaki karibu na urefu wake wa asili kutoka ardhini. Kikanyagio tuli kinaning'inia nje na chini muda wote, na ndicho cha kwanza kugusa. Mabano yake yakiwa yamefungwa kwenye bodi, pigo halikunji kikanyagio peke yake. Linakunja na kizingiti, ambacho kukinyoosha ni kazi ya gharama kubwa kuliko kikanyagio chenyewe.

Lakini kukwepa jiwe si kulihimili. Siku ambayo chesisi itashuka juu ya mwamba, ubao wa alumini na mikono yake havitafanya lolote la maana. Hapo ni ngao ya ubavu tu. Pia ndiyo pekee unayoweza kuinulia gari kwa jeki ndefu, mradi imefungwa kwenye chesisi. Ford inakataza kutumia ubao, bawaba au mota za vikanyagio vyake kuinulia gari, na inataka mfumo uzimwe kabla ya kuweka jeki au kitu chochote chini. Sababu inaeleweka: mtu akifungua mlango huku mwenzake ana mkono chini ya kizingiti, ubao hautauliza.

Kuna kosa moja la nje ya barabara ambalo hufanywa hata na madereva wazoefu. Gari limekwama kwenye matope hadi kwenye ekseli, dereva anafungua mlango kuangalia, ubao unashuka na kujichimbia. Akifunga mlango, unapanda na donge zima la tope na kulibananisha kwenye bodi. Mkiondoka lami, zimeni mfumo. Kitufe kiko pale kwa kazi hiyo.

Wapo wanaotengeneza mseto, kama Rock Slide Engineering ya Marekani: ngao ya chuma yenye kikanyagio cha umeme kilichofichwa ndani yake. Kwa anayepanda miamba na gari lililoinuliwa, ni jibu zuri kuliko yote mawili pekee. Anayepigana na chumvi hapati nafuu kubwa, kwa sababu bawaba bado ni bawaba, na amejiongezea uzito.

Maji na zile herufi za IP

Mota nyingi huuzwa kwa sifa ya IP67. Kwa kipimo cha kimataifa cha IEC 60529, maana yake ni kwamba vumbi haliingii na kifaa kinaweza kuzamishwa mita moja kwa dakika 30. Maji ya maabara ni safi na yametulia. Mota iliyopata moto ikitumbukia ghafla kwenye maji baridi, hewa ndani yake inasinyaa na kuvuta maji kupita kwenye mpira wa kuzuia. Tena IP67 haisemi lolote kuhusu mashine ya presha. Kipimo cha maji ya moto ya presha kali ni IP69K, na ni vitu viwili tofauti. Muulize muuzaji vyote viwili, na muulize kuhusu soketi, si mota tu. Maji yanayoharibu mara nyingi hutambaa kupitia waya. Waya ukining'inia chini kidogo kabla ya kupanda kuingia kwenye soketi, tone la maji linadondoka badala ya kuingia.

Vikiharibika, vinaharibikaje?

Kikanyagio tuli kilichokunjwa kinakera macho lakini unakanyaga hivyo hivyo. Ngao iliyobonyea ndiyo imefanya kazi yake. Cha umeme kikigoma kikiwa juu, umepoteza starehe tu. Kikigoma kikiwa chini ni habari nyingine: gari limepungua urefu kutoka ardhini, ubao unatokeza nje, na mara nyingi gia hazikuruhusu kuurudisha kwa mkono. Anayekwenda mbali na mafundi awe na spana ya kufungua mkono wa mota pamoja na mikanda ya kuufungia ubao juu.

Vile vya kiwandani vimeunganishwa vizuri na gari; vya Ford, kwa mfano, hujirudisha mwendo ukizidi kilomita 8 kwa saa hata mlango ukiwa haujashika. GM imeongeza kwenye pikapu yake ya Sierra Denali kikanyagio kinachojisogeza nyuma ukikigusa kwa ncha ya kiatu, ili ufikie mizigo iliyo nyuma. Inapendeza, na ni sehemu moja zaidi inayotembea kwenye gari lenye matope. Vya kununua pembeni vina faida ya vipuri: tafuta kampuni inayouza mota peke yake, bawaba peke yake na kisanduku peke yake. Isiyouza hivyo itakuuzia seti nzima kwa sababu ya pini moja.

Soma dhamana kwa jicho la kutu. Miaka inayotajwa mbele si muhimu kuliko sentensi ya ndani inayosema kama kutu, matope na safari za nje ya barabara vimo au vimetolewa.

Matunzo ndiyo yanayoamua

AMP Research na Ford wanatoa maelekezo yanayofanana: teremsha ubao kwa mkono kupitia menyu au swichi, osha bawaba za mbele na nyuma kwa maji ya presha, usielekeze mpira wa maji kwenye mota, kisha pulizia silikoni kwenye pini. Sehemu ya kukanyagia usiipulizie, itateleza. Kazi hiyo inachukua muda mfupi kuliko kunywa chai, na wakati wa chumvi ningeifanya kila wiki. Oili chafu ambayo baadhi ya watu hupulizia chini ya gari ili kuzuia kutu, usiiache ifike kwenye bawaba, kwani inakusanya mchanga.

Pikapu ya kazi, ambayo mlango unafunguliwa mara kadhaa kwa saa, inachosha mfumo kwa mizunguko isiyo ya lazima, kwani kila mlango wa upande huo unaushusha ubao mzima hata anayeshuka akiwa hauhitaji. Kama wanaopanda ni vijana wenye miguu mirefu, cha umeme hapo ni anasa inayojichakaza. Kama ni mzee, mtoto au mwenye goti bovu, na gari limeinuliwa, urefu anaoshushiwa na kikanyagio cha umeme hakuna ngao wala bomba litakalompa, na usumbufu wa kuosha bawaba unalipwa kila anapopanda. Kwa anayekaa zaidi barabarani kuliko porini, kwenye hali ya hewa kavu, sioni sababu ya kusita kununua cha umeme.

Anayenunua pikapu iliyotumika ambayo tayari inavyo aombe kuiona asubuhi kabla injini haijawashwa na kabla mwenye gari hajaiosha. Afungue milango upande mmoja baada ya mwingine, asimame mbali kidogo, aangalie ncha mbili za ubao. Zikishuka pamoja, apige magoti aangalie kama kuna unga mweupe kwenye pini na ukijani kwenye soketi. Moja ikichelewa, bei ya bawaba mbili na mota moja ipunguzwe kwanza kwenye bei ya gari, kabla mazungumzo ya injini hayajaanza.